Ua la Baridi la Mama Hervé

Mwanamke akikuambia hana kijicho, mtazame machoni kwanza. Safia ninamjua, mama Feza wa hapa Kasongo, mtaa wa nyuma ya msikiti, na ninakuambia wazi: kijicho alikuwa nacho, tena cha kutosha mtaa mzima.

Kwa miaka ishirini hakuna bibi harusi aliyetoka mtaa ule bila kupita kwa Safia. Asumini zake, waridi zake, mirehani yake; yeye ndiye akate, yeye ndiye atunge, yeye ndiye amvishe mwali kichwani. Hakudai kitu. Malipo yake yalikuwa neno moja tu: "Mama Feza, mkono wako una baraka!" Akilisikia hilo, siku ile hata ugali mtupu ulimshuka vizuri.

Halafu akahamia Dieudonnée, mama Hervé, mke wa mwalimu wa shule ya mapadri. Viwanja vyao vikapakana. Alikuwa mwanamke mcheshi, wa kukuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kabla hujaomba. Mwaka ule kaka yake alishuka kwa piki kutoka milima ya Itombwe, juu kule ng'ambo ya Kabambare, ambako baridi ya alfajiri hugandisha umande ukawa mweupe juu ya majani. Alimletea dada yake mzizi uliofungwa kwenye jani la mgomba. Ni ua la baridi, alisema. Kule juu baridi huliunguza majani yote mpaka unadhani limekufa, kisha linachipua tena palepale, mwaka kwa mwaka, bila mtu kupanda mbegu.

"Ua la baridi, kwa jua hili la Kasongo?" Safia alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi ulinunulie feni, mama Hervé!"

Dieudonnée naye akacheka. Akalipanda kivulini, na kila jioni akalimwagia maji ya mtungini, yale ya kunywa, yaliyopoa. Watu wakasema ana wazimu. Kiangazi kikafika, asumini za Safia zimesinyaa, asubuhi zina kibaridi, na ua likatoka. Lilikuwa juu ya bua refu, umbo lake kama gunzi la muhindi, chini njano, juu jekundu. Mtaa mzima ulikwenda kuona. Ayoubu, mume wa Safia, naye akaenda, akarudi akitikisa kichwa.

"Tangu nizaliwe sijaona ua zuri kama lile."

Tangu azaliwe! Na zile asumini alizopita mbele yake miaka ishirini, akiingia na kutoka? Safia akaingia jikoni. Alimpakulia chakula, akamnyima nyama.

Mwaka uliofuata Feza alichumbiwa na kijana wa Nyangwe. Harusi ikapangwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Safia akaanza kumwagilia asumini asubuhi na jioni ili zivumilie hadi siku ile, maana Feza ndiye binti yake wa pekee, na nani wa kumvisha maua kama si mama yake? Siku moja akimsuka, binti akasema:

"Mama, usikasirike. Mimi ninataka maua ya mama Hervé. Yameanza kutunga ndani ya majani, nimeyaona. Amesema atanipa yote."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Ni vizuri," alisema Safia, akaendelea kusuka, ila alizivuta zile nywele mpaka mtoto akapiga kelele. Roho ilikuwa inamuuma. Yule mwanamke alikwisha kumnyang'anya mtaa na macho ya mume, na sasa anamnyang'anya na kichwa cha mtoto wake!

Kwetu, siku mbili kabla ya harusi, wanawake wa ukoo huja na majembe kuparua uwanja wa bibi harusi na viwanja vya majirani wake wote, mpaka udongo ubaki mtupu. Nyasi mbele ya nyumba ni aibu, tena ni maficho ya nyoka. Mgeni akiziona atasema nyumba hii haina mwanamke. Msimamizi wa kazi ni mama wa bibi harusi. Asubuhi ile Safia alimtuma Dieudonnée aende Nyangwe kuchagua samaki wa harusi, kwa kuwa, alisema, hakuna anayejua samaki kama yeye. Dieudonnée akapanda piki, amefurahi kuaminiwa.

Wanawake wa ukoo, waliotoka kijijini Wamaza na hawajapata kuliona lile ua, wakaingia kwenye uwanja wake. Mmoja akasimama mbele ya lile shada la majani marefu membamba, maua bado yamejificha ndani.

"Yaya," akamwita Safia kwa heshima ya dada mkubwa, "na hizi nyasi?"

Safia angeweza kusema. Neno moja tu lilitosha.

"Kwetu nyasi mbele ya nyumba ni nini?"

"Ni nyoka."

"Basi."

Jembe likashuka mara tatu. Alasiri, wenzake walipokwenda kuoga, Safia alifika kwenye lundo la takataka, akachomoa kipande cha mzizi, akakificha ndani ya kitenge.

Dieudonnée alirudi kesho yake na samaki, akaliona shimo. Alilia, na aliyemshika bega ni Safia. "Hawakujua," Dieudonnée akasema akijifuta. "Kwao ni nyasi tu." Na kwenye harusi alicheza kuliko wote. Feza alivaa asumini za mama yake. Watu wakasema mkono una baraka, na Safia akaona neno lenyewe halina ladha.

Ule mzizi aliupanda nyuma ya jiko. Ukashika, ukatoa majani, kiangazi cha pili ukatoa bua. Sasa niambie, atamwonyesha nani? Yeye aliyetaka kusifiwa na mtaa mzima ndiye aliyekuwa akivizia kila ua linapochungulia, analikata kwa kisu cha mboga, analitupa motoni. Chako ni chako. Cha mwenzio kitakufanya mlinzi bila mshahara.

Siku moja Dieudonnée aliishiwa kiberiti. Akaja na kigae kuomba kaa la moto, akazunguka moja kwa moja hadi nyuma, kama majirani tunavyofanya. Akamkuta Safia amechutama, kisu mkononi, ua amelishika shingoni.

Safia alingoja kelele. Alizitaka. Angetukanwa wangekuwa sawa.

Dieudonnée aliinama, akagusa udongo kwa kidole.

"Hapa iko joto sana, mama Feza. Litakufa kweli. Ulipeleke mbele, kwenye kivuli. Na usilikate, watu walione."

Akachukua kaa lake, akaenda zake.

Kumbe hata roho yule mwanamke alikuwa nayo nzuri kumshinda, na roho haichomolewi kwenye lundo la takataka ukaipanda kwako. Wivu ukampanda Safia upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Akakaa chini kwenye majivu, akalia. Usidhani ilikuwa toba.