Mpagazi wa Ngome ya Saba

Kalamu sikuizoea. Nilisoma mpaka darasa la nne pale Misima, na la nne lenyewe sikulimaliza, maana mwaka ule mvua iligoma na baba akasema mbuzi hawawezi kujichunga. Kwa hiyo ukiniona naruka huku na huku, nifuate tu, nitarudi njiani.

Nataka kuandika habari za gemu. Ndiyo, gemu, zile za kwenye televisheni. Wajukuu wangu hapa Handeni wakisikia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hawajui kwamba kabla baba zao hawajazaliwa, kambi nzima ya Ngombezi ilikuwa ikisimama nyuma yangu kunitazama vidole.

Ngombezi nilikwenda kukata mkonge. Mkata mkonge anaingia shambani kungali giza, akimaliza kipimo chake anarudi. Ukiwa mwepesi, saa saba mchana umeshaoga, mikono inawasha kwa miiba, huna la kufanya. Wenzangu walikwenda kwenye pombe. Mimi pombe tumbo langu lilikataa tangu ujana, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hilo ndilo jambo la maana ambalo tumbo langu liliwahi kufanya.

Basi nilikuwa nakwenda ukumbini, ukumbi wa kambi. Kulikuwa na televisheni moja ndani ya sanduku la mbao. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Korogwe, ambaye wanawe walikuwa wamekwenda kusoma mbali, alituletea mashine yao ya gemu na kaseti tatu. Mashine yenyewe ilikuwa ya bandia, lakini michezo ilitoka kwa kampuni kubwa ya Ujapani. Kila ukiwasha, alama ya kampuni ilitangulia kwa mlio mdogo kama wa kengele ya baiskeli. Rafiki yangu alikuwa akiiamkia. "Shikamoo," anaiambia, na ukumbi mzima unaitikia, "Marahaba!"

Huyo rafiki yangu ni Mshambaa, wa kule juu milimani Lushoto. Mimi Mzigua. Tulikata mkonge mistari ya jirani, na kutaniana ndiko kulikosukuma siku. Kaseti mbili hazikutushika, moja ya magari na moja ya ndege. Iliyotushika ni ya tatu. Kuna mtu mdogo, kimo cha kucha, ana mzigo mgongoni, anapanda mlima. Mawe yanaporomoka, anaruka. Anapita ngome sita, na ngome ya saba iko kileleni, ina mlango mkubwa mwekundu. Tulimwita Mpagazi.

"Unaona anavyopanda?" rafiki yangu alisema. "Huyo Mshambaa. Mzigua angekaa hapo chini asubiri mlima umfuate."

"Mshambaa gani anabeba mzigo mwenyewe? Angembebesha mkewe."

Nyuma ya ule mlango kulikuwa na nini, hakuna aliyejua. Kaseti ile haikuwa na kumbukumbu. Ukizima leo, kesho unaanza chini kabisa. Na umeme wetu ulitoka kiwandani. Korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge itoe nyuzi, ikimaliza kazi jioni, umeme wa kambi nao basi. Tena siku nyingine korona iliharibika mchana, tukabaki tunatazama kioo cheusi chenye sura zetu. Mara ngapi tulifika ngome ya sita! Watu wazima, tumeshika vichwa.

Rafiki yangu akaletewa habari kwamba mama yake amefariki. Akapanda mlimani kuzika. Alikaa huko siku kumi, na mimi siku zile nilicheza kama mwenye deni. Siku ya tisa nikafika. Ngome ya saba, mlango mwekundu huu hapa, Mpagazi ameunyooshea mkono. Kioo kikawa cheusi. Kumbe korona imekwama.

Kesho yake rafiki yangu akarudi. Hakupita kwake. Alikuja ukumbini na mfuko begani, macho yamevimba, akakaa kwenye benchi langu. Nilimpa pole. Akaitikia, kisha akauliza, "Ulifika?"

Sijui nikwambieje. Ningesema hapana, yangeisha. Lakini nilimtazama, na mdomo wangu ukasema, "Nilifika."

"Kuna nini?"

"Mlango unafunguka. Anatoka mama mmoja. Anampokea mzigo kabla hajasema kitu, anampa maji kwenye kata. Basi. Mchezo umeisha."

Alilia pale pale, mbele ya watu, na kulia kule kulimfaa, niliona. Toka siku hiyo akawa anausimulia ule mwisho. Aliwasimulia wenzetu kambini, na dada yake, baadaye mkewe, baadaye watoto. Mimi nikiwapo alinigeukia, "Si ndivyo?" Nami nasema ndivyo. Kaseti ikaharibika, tukaipuliza mpaka mate yakatuishia, haikuamka tena. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Miaka ikaenda. Mimi nikarudi kulima, yeye akajenga Korogwe. Mwaka huu binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, akanipigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wazima?"

"Wazima. Baba mdogo, ile kampuni imezikusanya gemu zake zote za zamani, zinauzwa pamoja, unacheza kwenye TV. Ile ya Mpagazi imo! Na siku hizi ukifika mahali unahifadhi, unaendelea kesho. Baba anataka uje umchezee. Anasema wewe ndiye uliyefika."

Yeye mwenyewe asingeweza. Macho yake yameshakwenda, presha ya macho imeyala polepole mpaka kumebaki mwanga na kivuli. Alitaka nicheze, nimwambie kinachoonekana.

Nilikaa wiki mbili natafuta ugonjwa. Mara goti, mara mbuzi anazaa. Mwisho nikaona aibu, nikaenda.

Nilimkuta sebuleni amenyolewa ndevu, amevaa koti. Koti la sikukuu, katika joto la Korogwe! Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Siendi popote," akasema. "Nangojea mgeni."

Nikajua mgeni ni yule mama wa mlangoni.

Binti alinionyesha vya kubonyeza, akatupikia chai, akaenda zamu yake hospitali. Tukabaki wawili. Alama ya kampuni ikatokea na mlio wake ule ule. Rafiki yangu akainua uso. "Shikamoo," akasema. Nikaitikia mimi.

Vidole vyangu si vile. Ngome moja ilinichukua saa nzima. Lakini mashine mpya ina huruma, ukianguka inakurudisha ulipokuwa. Nilimsimulia kila jiwe. "Anaruka. Amekosa. Mzigo umemvuta." Naye, "Mwambie asimame kwanza apumue!" Tukala wali, tukaendelea. Mnamo saa kumi nikamwambia, "Tuko mlangoni."

Akafunga kifungo cha koti.

Mlango mwekundu ukafunguka. Ndani hamkuwa na mtu. Mpagazi aliutua mzigo sakafuni, maandishi ya kizungu yakapita mengi, majina nadhani. Kisha muziki ukabadilika na Mpagazi akaonekana tena kule chini kabisa, mzigo mgongoni, mlima uko mbele yake. Hivyo tu.

"Ametoka?" rafiki yangu akauliza.

Chumba kizima tulikuwa wawili, na mwenye macho ni mimi. Ningesema ametoka, nani angebisha? Neno lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Lakini lile koti. Mtu amevaa koti kwa ajili ya uongo wangu, anatoka jasho, na mimi namtazama na yeye hanitazami.

"Hajatoka," nikasema. "Hayumo. Na siku ile sikufika. Korona ilikwama, mimi niko mlangoni."

Nikasikia pikipiki inapita nje, ikaenda mpaka ikaisha.

"Dada yangu nilimsimulia," akasema. "Alikufa anajua hivyo."

Nikakipangusa kidude cha kubonyeza kwa shati.

"Sasa yule mama uliyemtoa mlangoni alikuwa nani?"

"Mama yako. Mwaka ule uliponipeleka kwenu. Nimepanda na gunia la mahindi, pumzi sina, sijapiga hodi akanipokea. Maji akaniletea kwenye kata."

"Ile kata yenye ufa."

"Ile ile. Nusu ilimwagika kifuani."

Akacheka kidogo, puani. Halafu akakasirika upya, nilimwona usoni. "Ungeniambia hivyo hivyo! Ungesema mchezo sijaumaliza, lakini mama yako alinipa maji. Mimi ningekataa?"

"Usingekataa."

"Mzigua mjinga wewe."

"Ni kweli."

Alivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani. "Na Mpagazi yuko wapi sasa?"

"Amerudi chini. Ana mzigo tena."

"Kama sisi," akasema. "Umemaliza kipimo chako, kesho mstari mwingine." Akanyoosha mkono hewani, akaupapasa mpaka ukagusa mkono wangu. "Lete hapa nishike mimi. Wewe kazi yako useme lini niruke. Na useme kweli."

Jiwe la kwanza likaanza kuporomoka.

"Ruka!" nikasema.

Alichelewa. Mpagazi akaanguka, mzigo juu yake.

"Ameanguka?"

"Ameanguka."

"Haya," akasema, "tena."