Maji Kupwa Isaka

Nyumba yetu iko upande mmoja wa barabara ya Isaka, na zahanati iko upande wa pili. Katikati hupita malori ya mizigo yaendayo magharibi. Ni hatua chache tu. Kwa hatua hizo mimi, ninayeogopwa na ukoo mzima kwa ukali, nilishindwa na baba yangu mwenyewe.

Baba alikuwa na kidonda cha sukari kwenye kisigino. Daktari alisema kisafishwe pale zahanati kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Wiki ya kwanza tulivuka bila taabu. Kisha asubuhi moja akasimama ukingoni mwa lami, akakunja kanzu hadi magotini.

"Bado," alisema. "Maji hayajapwa."

Nilidhani ananitania. Baba alizaliwa pwani, kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu katikati ya mikoko. Mahali pazuri, nami nimepaona mara moja tu. Zamani wapagazi kutoka huku kwetu Usukuma walilazimika kulivuka hori lile kabla ya kufikisha mizigo mjini. Hawakuwahi kuona maji yanayoondoka na kurudi. Yakipwa walidhani mto umekauka, wakawasha moto na kuinjika ugali palepale kwenye matope. Babu yake baba alikuwa akikaa ukingoni kuwaambia lini wavuke. Siku moja mkuu wa msafara akamharakisha, naye akasema vukeni kabla ya wakati. Wawili hawakufika ng'ambo, na yeye hakumvusha mtu tena. Tulipokuwa watoto tuliichoka hadithi hii hata tukawa tunaimalizia wenyewe.

Sasa baba alikuwa akiishi ndani yake. Kumbukumbu zilimtoka kidogo kidogo, lakini hesabu ya maji ilibaki nzima. Siku ile alikubali kuvuka saa nne. Kesho yake ikawa karibu saa tano, keshokutwa karibu saa sita, kila siku ikisogea vilevile bahari inavyosogea. Nilibembeleza, nikafoka, nikaleta bajaji, akashuka. Jirani yetu, mama wa Kisukuma, alimsalimu ng'wangaluka, akamweleza kwa heshima kwamba huku hata visima vimekauka. Baba alimhurumia. Alisema wapagazi wote husema hivyo.

Baada ya siku chache maji yake yakawa yanakupwa saa kumi jioni, zahanati imeshafunga chumba cha vidonda. Siku tatu nilikiosha kidonda mwenyewe, nikikisia tu, na mguu ukaanza kunuka. Nilikwenda kulia jikoni ili asinione. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, nikamshika baba mkono.

"Baba, maji yamekupwa."

Akaitazama lami, kisha akanitazama mimi. "Umeyaona mwenyewe?"

"Nimeyaona."

Akavua kandambili, akazishika. Tulipofika katikati ya barabara, lami kavu na jua kali, akapandisha kanzu hadi kifuani, akaanza kutweta na kutoa shahada. Lori likasimama, likapiga honi. Hakuniachia mkono. Aliamini anazama, na bado aliendelea kutembea kwa sababu mimi nilisema nimeyaona.

Mguu haukukatwa. Muuguzi alinisifu kwa kumleta, nami nikainama kumvisha baba kandambili.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta baba mlangoni, amevaa, yuko tayari. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, kisha akaniambia kwa upole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake, nimtafutie mtu mwingine wa kumvusha.