Bakuli la Daw Saw Yin

Daw Saw Yin alikata roho siku ya Jumanne, na neno lake la mwisho halikuwa jina la Budha wala jina la mwanawe. Alisema, "Maji yasimwagwe," akageukia ukuta, basi. Majirani waliokuwa wamekaa mkekani walidhani mgonjwa ana kiu, wakakimbilia birika. Binti yake, Daw Sein Nyo, hakusogea. Alijua ni maji gani.

Yalikuwa maji ya bakuli jeusi la jikoni. Mama mtu alifanya kazi miaka arobaini katika chumba cha kukatia dhahabu, hapahapa Mandalay, mtaa wetu wa wapiga nyundo. Wanaume hupiga uani kutwa nzima, mpaka punje ya dhahabu inakuwa nyepesi kuliko ganda la kitunguu. Wanawake hukaa ndani, madirisha yamefungwa na feni ni marufuku, maana chafya moja tu inaweza kupeperusha kazi ya asubuhi nzima. Humo wanakata, wanapanga, wanafunga vipakiti ambavyo waumini watakwenda kuvibandika kwenye sanamu la Budha. Jioni, kabla ya kutoka, kila mmoja hufuta vidole kwenye kitambaa cha karakana. Kitambaa huchomwa, na dhahabu iliyomo kwenye majivu huyeyushwa upya. Ndiyo desturi. Dhahabu ile ni ya Budha tangu ilipoingia mlangoni.

Daw Saw Yin alifuta vidole kama wenzake. Kucha hakufuta. Alizifuga ndefu, akizisifu kwamba ni za uzuri, mwanamke ambaye hata poda usoni hakupaka. Akifika nyumbani saa kumi na moja jioni, tambuu shavuni kama kawaida yake, hakusema na mtu. Alikwenda moja kwa moja jikoni kunawa katika lile bakuli, taratibu, kidole baada ya kidole. Asubuhi maji yalipokwisha kutuama aliyamimina kwa hadhari, akakwangua kilichong'aa chini kwa kijiti cha pembe ya nyati, akakitia kwenye kopo tupu la sigara za biri. Na hakununua kitu kwa dhahabu ile. Paa lilivuja, meno yalimtoka, mtoto wake wa kiume akaacha shule, na kopo lilifunguliwa kwa kuongezwa tu. Mwizi anayekula alichoiba unaweza walau kumwelewa. Huyu aliiba akashinda na njaa.

Sein Nyo aliingizwa katika chumba kile akiwa na miaka kumi na minne, akakalishwa ubavuni mwa mama yake. Alifundishwa kushika kibano, kubana pumzi na kufuga kucha. Nyumbani alinawa wa pili, maji yaleyale, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Hakuolewa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hajapata kulala chini ya paa jingine.

Siku ya saba walikuja watawa watano wakalishwa wali na kuku, kisha ukafika wakati wa kumpa marehemu thawabu yake. Sein Nyo alimimina maji tone kwa tone kutoka kwenye birika hadi kikombe, akasema kama inavyosemwa, "Chukua sehemu yako, chukua, chukua," na waliohudhuria wakaitika, "Thadu!" yaani imekuwa vema. Aliyekufa akisikia, akafurahi na kuitika pamoja nao, thawabu inakuwa yake na anakwenda zake. Asiposikia, anabaki. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo. Sein Nyo alikuwa akimimina, lakini macho yake yalikuwa jikoni, kwenye lile bakuli ambalo hakulimwaga.

Kesho yake alirudi kazini, na jioni ile, saa kumi na moja, alisikia mtu ananawa.

Haikuwa sauti ya panya wala ya bomba. Ilikuwa sauti aliyoizoea tangu utotoni: maji yanachezewa kidogo, yananyamaza, yanachezewa tena, kidole baada ya kidole. Alijikuta amesimama jikoni, hakuna mtu, maji ya bakuli bado yanatikisika. Viganja vyake vilikuwa vimelowa. Akadhani ni jasho la hofu.

Ikawa ndivyo kila jioni aliyotoka kazini. Alipungua, akawa anasahau mazungumzo katikati. Mke wa mdogo wake, Ma Kyin, aliyekaa naye chumba kimoja cha kukatia, hakuchelewa kumwona.

"Wifi, una nini? Au umepata mchumba unatuficha?"

"Mama hajaondoka, Kyin."

Ma Kyin aliweka kibano chini. "Yule mama? Aache nyumba yake bure? Hata huko kuzimu atakuwa anakwangua kuta." Kisha akaona uso wa wifi yake, akajuta. "Nenda kwa U Tiloka. Usikae na jambo kama hilo peke yako."

U Tiloka alikuwa mtawa mzee, mkuu wa monasteri ya mtaa, mtu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Sein Nyo alimkuta akitafuna tambuu barazani.

"Haya, mfadhili," alisema, kama watawa wanavyomwita kila muumini anayewalisha, "umeniletea nini leo zaidi ya huo uso?"

Sein Nyo alipiga magoti, akainama mara tatu. "Mtukufu, mtu akifa na tamaa yake, anakwenda wapi?"

"Haendi. Hilo ndilo tatizo lake."

"Kwa hiyo ni mali iliyomfunga?"

"Mali imekosa nini? Kuna matajiri wamekufa mikono iko wazi, na kuna maskini nimewasomea mimi mwenyewe, wamekufa wamekumbatia sufuria. Usinizungushe. Mama yako alishika nini?"

Akamwambia. Bakuli, kucha, kopo, miaka arobaini. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka katika kinywa chake. Mtawa alitema tambuu.

"Amejichotea kwenye mwili wa Budha," alisema. "Tendo hilo ni zito, na kila mtu atavuna alilopanda, mimi siwezi kumpunguzia hata chembe. Ila unaweza kumfungulia mlango. Rudisha yote. Kisha mwite kwa jina, umpe thawabu, asikie. Lakini nisikilize vizuri, mfadhili. Marehemu hali wali wako wala dhahabu yako. Anachokula ni furaha ya kukuona umetoa. Ukitoa huku umekunja kidole kimoja, atakiona hicho kidole tu."

Angeweza kurudisha siku ileile. Hakurudisha. Alifungua kopo, akaliona donge la dhahabu iliyoshikana, kubwa kuliko alivyodhani, akainua macho akalitazama paa. Bati jipya. Ukuta wa nyuma. Labda na kitanda. Wiki mbili alikwenda kazini, akarudi, akasikiliza mama yake ananawa, akalala juu ya kopo. Kisha mvua ya kwanza ikaja. Maji yalidondoka chumbani, tone kwa tone, na jikoni yakawa yanachezewa, kidole baada ya kidole, mpaka hakuweza tena kuzitenganisha sauti mbili zile. Alilia kwa sauti kama mtoto. "Mama, basi! Inatosha! Nitarudisha!"

Mdogo wake, Ko Thaung, alikuwa mpiga nyundo. Alipooneshwa donge alikaa chini kwenye magogo.

"Hili lilikuwa ndani ya nyumba?"

"Lilikuwa."

"Mimi niliacha shule darasa la nne, dada. Mama alisema hana kitu. Alinishika kichwa akalia kabisa."

"Najua."

"Ulijua wakati ule?"

Thaung alimtazama, akavua shati, akachukua nyundo. Alipiga siku tatu. Kifuu chenye tundu, ambacho wapigaji hukielesha majini kupimia muda, kilizama na kuinuliwa mara zisizo na idadi, naye hakupumzika wakati wenzake walipopumzika. Alikuwa anapiga kwa hasira, na hasira ile ilifaa kazi. Sein Nyo alikata na kufunga kwa mkono wake, Ma Kyin akimsaidia. Jioni ya mwisho alikwenda nyumbani, akamwaga maji ya bakuli kwenye mizizi ya mti, akalisugua bakuli kwa majivu mpaka likang'aa, akalifudikiza rafuni. Alikuwa amelemewa hata hakukumbuka kusikiliza.

Asubuhi walikwenda kwenye sanamu kuu. Pale wanawake hawapandi. Hubaki chini nyuma ya uzio, wakamkabidhi mwanamume dhahabu yao awabandikie. Sein Nyo alimpa ndugu yake kapu lote la vipakiti, akapiga magoti kati ya wanawake, akamtazama mgongo tu jinsi alivyokuwa akibandika, akisugua kwa kidole gumba, akibandika. Kifua cha sanamu kilikuwa na mabonde na vilima vya dhahabu ya watu. Ikapotea humo ya Daw Saw Yin, kama haijapata kuwa ya mtu. Sein Nyo alimimina maji, akaita, "Mama, Daw Saw Yin, chukua, chukua, chukua." Watu wakaitika thadu. Alitega sikio, lakini sauti zilikuwa nyingi mno.

Siku mbili alilala na homa. Kukawa kimya. Jioni zote mbili alisubiri saa kumi na moja akiwa kitandani, na jikoni palikuwa jikoni tu. Alilia kwa furaha, akanywa uji, akamwambia Ma Kyin aliyekuja kumjulia hali, "Amekwenda. Kyin, mama amekwenda!"

Siku ya tatu alirudi kazini. Jioni akasikia mtu ananawa.

Kesho yake alimngoja ndugu yake kwenye mlango wa karakana, akamshika shati mbele ya wapiga nyundo wote.

"Umebakiza ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Usinifanye mjinga, Thaung! Mimi sikuruhusiwa kupanda, nimekuamini wewe. Umebakiza! Mama amerudi!"

Thaung alimtoa mkono polepole. Uso ulimwiva. "Dada, kwa vidole hivi nimebandika mpaka cha mwisho. Nina watoto watatu wa kulisha, na sikuchukua hata cha kujazia jino. Nawe waniita mwizi, hapa?"

"Basi nani? Nani?"

Wapiga nyundo waliacha kupiga. Ma Kyin akatoka ndani, akampitisha mumewe pembeni, akamshika wifi yake kiwiko.

"Twende nyumbani," alisema. "Nina neno, na hapa silisemi."

Walikwenda wote watatu. Jikoni, bakuli halikuwa limefudikizwa. Lilikuwa juu ya meza, limejaa maji.

"Unaona!" alisema Sein Nyo. "Mimi nililigeuza!"

"Wifi." Ma Kyin alikuwa anazungumza kwa upole ambao si wake. "Jana jioni nilikuletea tambi za samaki. Nilikukuta hapa. Umesimama, unanawa humo, kidole kimoja kimoja. Nikakuita mara tatu, hukuitika. Macho yako yalikuwa wazi. Niliweka bakuli la tambi mlangoni nikakimbia, nisamehe."

"Uongo."

"Siku ulizolala na homa ulisikia kitu?"

Sein Nyo alishika ukingo wa meza.

"Tazama chini," alisema Ma Kyin.

Akatazama. Maji yalikuwa yametuama tangu jana. Chini kabisa, kwenye weusi aliousugua kwa majivu, ulikuwapo uzi mwembamba wa kung'aa, umejikunja kando ya ukingo.

"Ya mama," alisema. "Hii ni ya mama."

"Mama yako hana kucha tena, wifi. Tulimchoma."

Akainua mikono yake mwenyewe, akaiona. Kucha ndefu, zimekatwa vizuri kwa umbo la mbegu ya tikiti, na ndani ya kila moja mstari wa njano. Miaka thelathini na minane alinawa wa pili, na donge lile lote alikuwa akiliita la mama, na dhambi ile yote akiiita ya mama, na kwa mama peke yake ndiko alikokuwa akiomba mlango ufunguliwe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke, na hakukuwa na mahali pa kujificha ndani ya jiko lenye hatua nne.

Thaung, ambaye hasira ilikuwa bado haijamtoka, ndiye aliyechukua kisu kidogo cha kukatia tambuu. Alimkalisha dada yake kigodani, akamkata kucha zote kumi mpaka kwenye nyama. Vipande alivitia ndani ya bakuli.

"Ukienda kazini utavipeleka kwenye kitambaa," alisema. "Sasa mwite mama. Mwite vizuri."

Sein Nyo alibeba bakuli hadi mlango wa uani. Aliinamisha maji tone kwa tone, akizuia vile vipande kwa kiganja. Mikono ilikuwa mizito; mara mbili iliinuka yenyewe maji yasimwagike, mara mbili akaishusha.

"Mama," alisema, "nilikuwa nimekunja kidole. Chukua sehemu yako. Chukua. Chukua."

"Thadu," alisema Ko Thaung.

"Thadu," alisema Ma Kyin.

Na nyuma yao, kutoka mezani lilipokuwa bakuli, ikaja thadu ya tatu, ya taratibu, ya mtu mwenye tambuu shavuni. Hakuna aliyegeuka. Walisimama wakiangalia uani mpaka Ma Kyin alipoanza kulia, na hata hapo walitokea uani, hawakupita tena jikoni.

Bakuli walilivunja. Vipande vya kucha vilichomwa pamoja na kitambaa cha karakana, na mwenye karakana, alipoambiwa, hakumfukuza; alimwondoa kwenye chumba cha dhahabu, akamweka kutengeneza karatasi za mianzi ambazo dhahabu hupigwa ndani yake. Jiko likawa kimya, na mtaa mzima ukasema Daw Saw Yin amekwenda. Ni kweli amekwenda.

Lakini kila siku saa kumi na moja Daw Sein Nyo akirudi nyumbani, kabla hajasema na mtu, miguu humpeleka jikoni. Hujikuta amesimama mbele ya meza tupu, na mikono yake, isiyo na kucha, inasuguana hewani, kidole baada ya kidole. Huitazama. Huiita kwa jina lake mwenyewe, mara tatu, akaiambia ichukue sehemu yake iende. Halafu husubiri kusikia nani ataitika.