Besi za Traugott

Msokota nyuzi stadi kama mimi hayupo kuanzia Gera mpaka Zeitz, na abishe anayetaka. Utumbo wa kondoo ukipita mikononi mwangu unatoka unaimba. Ndiyo maana Traugott Nietzold, mpiga udi, kile chombo cha nyuzi cha kupakata, hakununua nyuzi kwingine miaka kumi na tisa, na siri zake nilizijua kuliko mkewe.

Mwaka ule bwana wa ngome alitaka mpiga udi wa kukaa naye: chumba chenye jiko la kuota moto na nyama kila Jumapili. Traugott, na kile kifua chake cha kukohoa, aliona bila chumba kile hamalizi baridi nyingine. Akaenda kupiga muziki wa marehemu mwalimu wake, mzee Kühn, mpiga kinanda wa kanisani. Bwana akafumba macho kwa utamu.

"Mzee aliutungia udi," Traugott akasema.

Uongo mtupu! Yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa kwenye kinanda akauweka kwenye udi, akipunguza noti huku, akiongeza besi, zile noti nzito za chini, kule.

Lebrecht, mkwe wa marehemu, naye mpiga kinanda, akaja juu palepale ukumbini. "Baba mkwe hakushika udi maishani mwake! Huo ni wa kinanda!"

"Kila noti ni ya mzee, naapa. Sikuongeza hata moja."

Nilikuwa mlangoni na mafungu yangu ya nyuzi, ulimi ukaniwasha. "Bwana Mkubwa, Lebrecht anayo karatasi ya marehemu. Si Traugott apewe aipige kwa udi kama ilivyo, asiruke kitu?"

Karatasi ikaletwa. Mstari wa nne ulitaka mkono wenye vidole saba. Traugott akanyoosha kidole cha mwisho, hakikufika, uzi ukakoroma kama nguruwe.

"Ongeza na pua, Traugott!" nikamwambia. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Chumba akapewa Lebrecht, na kinanda kipya cha nyuzi za utumbo, kilie kama udi. Lakini bwana akanuna: "Mbona zile besi nzito sizisikii?" Lebrecht akazinakili kutoka karatasi ambayo Traugott aliiacha ukumbini, juu akaandika jina la Kühn.

Traugott akaja karakanani kwangu, midomo myeupe. "Besi zile ni zangu. Wewe unajua. Nenda ukawaambie."

"Si uliapa, kaka?" nikamjibu. "Halafu nyuzi za kinanda kile nani anazisokota?"

Traugott alizikwa kabla theluji haijayeyuka. Siku ya mazishi Lebrecht alileta kinanda kanisani, akapiga zile besi, watu wakalia na kumsifu mzee Kühn. Nyuzi zangu zilisikika mpaka makaburini.