Siku Mume Wangu Alipomwinamia Binti Mfalme

Mwaka ambao binti mfalme wa Uingereza alizuru Nairobi, mume wangu alikuwa mjumbe wa mtaa wetu wa Kaloleni kwenye baraza la Waafrika. Afisa mmoja mzungu aliwaita wajumbe ukumbini akawafunza kuinama. Usitoe mkono kabla ya mgeni kutoa wake, na usiseme neno mpaka usemeshwe.

Jioni mume wangu alinikalisha kitini, akanivisha soksi zake mikononi ziwe glavu, akaanza kuniinamia. Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kuinama hata kuokota kijiko chake mwenyewe. Nilinyoosha shingo, nikafurahia.

"Na habari ya maji utamwambia lini?" nikamuuliza, maana mtaa mzima tulipanga foleni kwenye mabomba machache.

"Mama watoto, mbele ya binti mfalme hayazungumzwi mambo ya ndoo," akanijibu, akainama tena.

Siku ilipofika alivaa suti ya kuazima. Mgeni alipokaribia, aliinama chini kabisa, akabaki huko huko kwa heshima. Alipoinuka, mgeni alikuwa amekwisha kumpita, yuko kwa mtu wa tano.

Majirani wakajaa nyumbani kwetu kutaka habari.

"Alikuwaje?"

Mume wangu alikohoa kidogo. "Viatu vyake vilikuwa vyeupe."

"Na uso?"

"Mtu mwenye adabu hatazami uso."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na majirani nao wakaangua kicheko. Yeye alininunia wiki nzima. Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya, na mpaka leo anasema alionewa wivu.