Safari ya Kutazama Wekundu wa Karambi

Evas hakujaliwa subira, na ile kidogo aliyokuwa nayo ilimwishia mwaka 2018, alipokubali kupanga safari ya walimu wa sanaa kutoka Mbarara. Walikuwa wamesimama kwenye kibanda chake cha vikapu mjini Kasese, wakanunua, wakauliza kama angeweza kuwatembeza hadi Bwera. Walitaka kuona mikono ya watu ikifanya kazi, na familia zinazoishi bila kuharibu ardhi. Gari liwe moja kwa wote, chakula kitoke mashamba ya jirani, plastiki isiwepo kabisa. Evas aliitikia kabla hawajamaliza kusema.

Alikuwa na lake moyoni. Mama yake, Kabugho, aliishi Karambi, mbele kidogo ya Bwera, na ndiye peke yake aliyebaki kule akijua kutoa rangi nyekundu ya vikapu kwenye mizizi ya mmea fulani unaotambaa. Aliutunza nyuma ya jiko tangu Evas akiwa msichana. Wasukaji wengine walikwisha kuhamia nyuzi za nailoni za dukani. Walimu waliahidi kwamba wakiupenda wekundu ule watachukua vipandikizi na kuleta wanafunzi wajifunze. Mama alikuwa mzee na kifua kinamsumbua. Evas aliogopa kimoyomoyo kwamba wekundu ule ungezikwa pamoja naye.

Basi akapanga, na kila alichopanga watu wakakipangua. Wa kwanza alikuwa Hamuza, mwenye gari, ambaye kama wengi alimwita Evas kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Bright, watu wazima hao utawabananisha mu gari moja? Nitaleta mbili. Ya pili ni bure, ni heshima tu."

Evas akamweleza habari ya moshi na mafuta. Hamuza alisikiliza kwa adabu zote, akaitikia kwa kichwa, na siku ya pili akamshushia mlangoni katoni za maji ya chupa.

"Na hii?"

"Mutu ametoka Mbarara, utamupa maji ya mtungi? Watasema nini juu yetu?"

Evas akamrudishia katoni zake, naye akaondoka amenuna. Huko Bwera mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jamira, kiongozi wa akina mama wasukaji, alimkaribisha kwenye meza yenye maua ya plastiki na vikapu vya nailoni vinavyong'aa. Vile vya mabua ya ulezi alikuwa amevisukumia chini ya kitanda.

"Vile vya zamani vinatia aibu," Jamira alisema. "Wageni ni wageni."

Evas aliviburuta mwenyewe kutoka chini ya kitanda, akavipanga upya mezani huku kichwa kikimgonga. Hivi kuna ugumu gani kuelewa kwamba watu wamekuja kuona kile kile mnachokionea aibu?

Lakini aliyemuudhi kuliko wote alikuwa Enoka, mume wake. Yeye hakuharibu kitu. Alicheka tu. "Watu wenye akili zao wanachoma mafuta kuja kutazama majani," alikuwa akisema, anakunywa chai yake. Jioni moja Evas akashindwa kuvumilia.

"Wenzako wananisaidia vibaya, sawa, lakini wanasaidia. Wewe, baba Bright, umenifanyia nini?"

Enoka akamaliza chai yake. Asubuhi akachukua panga na jembe, akapanda bodaboda, akaenda bila kuaga. Evas akasema moyoni, na aende.

Walimu walikuwa wafike kesho yake. Mchana Evas akamwomba Hamuza ampeleke Karambi, ahakikishe mama yuko tayari. Walipoingia uwanjani, Enoka alikuwa amesimama katikati, kifua wazi, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Usiseme sijakusaidia," alisema. "Wageni hawawezi kukuta pori kwa mama mkwe. Nimefyeka kote, hata nyuma ya jiko. Kulikuwa na kichaka kibaya kule, na mizizi yake, Mungu wangu. Nimeing'oa yote nikaichoma."

Evas alizunguka jiko. Palikuwa peupe, pamefagiwa vizuri sana, na majivu yalikuwa bado yanafuka. Alirudi akaingia ndani. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, ameelekea ukutani.

"Mama, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisikia panga tangu pigo la kwanza."

"Mbona hukutoka?"

"Nitoke vipi, mwanangu? Mkwe yuko nje kifua wazi."

Evas alijua. Miaka yote ya ndoa yake, mama na Enoka walisalimiana kwa kupitia mlango, kila mmoja akitazama pembeni, na Enoka hakuwahi kufika nyuma ya jiko. Ndiyo ilikuwa heshima yao, na wote wawili waliishika bila kuiyumbisha.

"Nilikohoa," Kabugho alisema. "Nikakohoa tena kwa nguvu, aelewe. Akasema, pole na kifua mama, nitafanya haraka nikuache upumzike."

Evas alikaa chini. Nje sauti ya Enoka ilikuwa inaita.

"Mama Bright! Mama amependa?"

Kabugho aliinamisha kichwa. "Mwambie nashukuru," alisema taratibu. "Amefanya kazi kubwa."

Evas akatoka, akamwambia. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akapiga magoti, akaanza kuchakura yale majivu ya moto kwa vidole. Enoka akamfuata, akachuchumaa kando yake, akaanza kuchakura naye.

"Tunatafuta nini?" aliuliza.

Evas akamwambia.

Enoka aliacha kuchakura. Akageuza viganja vyake, akavitazama. Alikuwa ameviosha kwa sabuni akidhani ni udongo, na wekundu ulikuwa bado umekaa pale pale.