Mafuta ya Rangi ya Chai

Juzi nilikata njia nyuma ya gereji moja hapa Ruiru, nikakutana na harufu iliyonisimamisha. Haikuwa ya petroli, wala ya oili nyeusi ya injini. Ilikuwa nzito na tamu kidogo, kama chuma kilichochemshwa na mshumaa. Fundi alikuwa akimwaga mafuta ya haidroliki ya trekta kuukuu. Nilibaki pale na sukuma wiki yangu mkononi, miguu ikiniwasha kutaka kukimbia, kama ilivyoniwasha siku zile za Ngoliba.

Kule kwetu, udongo ni mweusi na unanata. Mvua ikishaulowesha, trekta haliingii tena shambani, na ambaye hajalima huchukua jembe. Kwa hivyo wiki za mwisho za kiangazi watu walitembea wakitazama juu. Hata mbuzi walikuwa hawatulii.

Majirani wa upande wetu walikuwa na trekta moja jekundu la pamoja, lililompita mama yangu kwa umri, na mama yangu ndiye aliyeliendesha. Alijifunzia kwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru kabla sijazaliwa. Zamu zilikwenda nyumba kwa nyumba, na shamba la dereva lilikuwa la mwisho. Nilikuwa najua hilo na lilikuwa linaninyima usingizi, kwa sababu sisi tulikula tulichopanda.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mwenye zamu alilinywesha trekta. Kabla ya kazi alileta mafuta yake na kuyamimina kwenye tundu la nyuma ya kiti, kama mtu anavyompa mgeni chai. Mmoja alileta yaliyobaki kwenye lori la shemeji yake, mwingine ya mashine ya kusaga unga. Ilikuwa ukarimu mtupu, na trekta lilinyamaza likanywa.

Zamu ya Baba Njoroge ilipofika, alikuja na mtungi wa plastiki. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye pikapu ya pekee kijijini, ile iliyopeleka mahindi sokoni Thika na wagonjwa hospitalini. Alimimina, akapiga bodi makofi, kazi ikaanza. Kabla jua halijafika utosini, plau ilianza kushuka yenyewe. Mama aliiinua, ikatetemeka, ikarudi chini kama mzee anayekaa. Nusu ya shamba lake bado ilikuwa nyasi.

Mama alizima injini, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Usiogope nikikueleza kidogo. Ni jambo rahisi. Plau ya trekta la namna ile huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Mafuta mazuri hung'aa, unaona kijiti ndani yake. Yale yalikuwa kama chai ya maziwa, na mapovu juu. Rangi hiyo maana yake ni maji.

Mimi nilikuwa nimeuokota mtungi wa Baba Njoroge. Ndani, chini kabisa, matone ya maji yalikuwa yakikimbizana chini ya mafuta. Mtungi wa kuchotea maji mtoni, hakuna aliyeukausha. Nilifungua mdomo.

"Shiru," mama alisema, bila hata kuniangalia. "Niletee kitambaa."

Nilikimbia nyumbani nikaleta. Nilipofungua mdomo tena, alitaka kitambaa kingine.

Alifungua nati za chini mafuta yakiwa bado moto, kwa kuwa ya moto hutoka na uchafu wake, ya baridi huuacha. Yalitiririka kwenye karai polepole sana. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa milima. Nilizunguka trekta lile nikidhani nitaliharakisha.

Asubuhi iliyofuata Baba Njoroge alitupeleka Thika kwa pikapu. Duka la kwanza lilikuwa na mafuta mepesi ya mashine za kisasa. Mama alisoma maandishi ya debe, akalirudisha.

"Mafuta ni mafuta, Mama Shiru," Baba Njoroge alisema. "Mvua haitangoja usome."

Mama alimweleza kwa upole, kama anavyoeleza mtoto jinsi ya kufunga kamba ya kiatu. Trekta letu la zamani lilikuwa na tumbo moja: mafuta yale yale yaliinua plau na pia yalilainisha gia na ekseli ya nyuma. Mepesi mno yangeinua plau na kula gia. Kwa hivyo tulitaka yale yaliyoandikwa kwamba yanafaa kote kuwili, na aina moja tu, si mchanganyiko. Akaongeza, akiangalia barabara, kwamba adui mkubwa ni maji. Hata tone lililobaki kwenye chombo. Ndiyo maana chombo cha mafuta huwekwa mdomo chini.

Tuliyapata Ruiru, na njia yote ya kurudi, kupita Juja na Witeithie, mtu yule wa maneno mengi hakusema neno. Mimi nilikuwa na hasira, nikiona wingu moja likitufuata.

Mama alilisuuza tumbo la trekta, akajaza mpaka alama, akainua na kushusha plau mara kadhaa, akapima tena, akaongeza. Kisha alimalizia shamba la Baba Njoroge, na mashamba ya waliomfuata. Letu alifikisha katikati. Mvua ilimshukia akiwa kwenye mtaro.

Nililia jikoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema maji yalitoka kwenye mtungi wa nani. Alikuwa akikausha nywele.

"Ningesema, halafu?" aliniuliza. Kisha akanipa chai.

Mvua ilipotulia, Baba Njoroge alikuja na wanawe wawili, kila mmoja na jembe. Alisema tu kwamba alikuwa anapita. Walichimba nusu ile iliyobaki mpaka ikaisha, na mama akawapelekea uji. Na msimu uliofuata desturi ilibadilika: mwenye zamu alimpa dereva chai, trekta likaachiwa mafuta yake.

Kwa miaka niliyoenda shule kupitia boma lao, niliuona mtungi ule umening'inizwa kwenye ua, mdomo chini. Nilidhani wameuanika na kuusahau. Ulipasuka kwa jua, wakatundika mwingine, mdomo chini vilevile, na mimi bado nikapita nikiwaza mambo yangu.

Juzi gerejini, fundi alimaliza kumwaga, akautikisa mtungi wake, akaugeuza mdomo chini ukutani. Sukuma wiki ilikuwa imeshaanza kunyauka mkononi mwangu. Ndipo nikajua kwamba mama hakuwa amemficha Baba Njoroge kitu. Alikuwa amemwambia yote, Thika, dukani, na mimi nikiwa nimesimama katikati yao.